Mzio wa Yu Lasih

Jumanne saa tatu asubuhi, siku mbili kabla ya harusi ya binti wa Bu Wagirah, Sulasih alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwa mwenye shughuli, akiponda pilipili na terasi, ule uduvi uliochachushwa na kuanikwa ambao kijijini Sumberasin hakuna chungu kinachobandikwa bila huo. Wanawake kumi na saba walikuwa wamejazana jikoni humo. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyekosa, maana moshi wa shughuli ukishaonekana, majirani huja na visu vyao na hawaondoki mpaka sufuria ya mwisho ioshwe. Kazi ya Sulasih ilijulikana. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna chakula cha shughuli kilichotoka jikoni kwa mtu yeyote kabla yeye hajakionja.

Alichovya kidole, akalamba, akasema, "Chumvi bado," na mdomo wake wa juu ukaanza kuvimba.

"Umeumwa na nyuki au umebusiwa na Kang Kasmuri?" aliuliza Painem, aliyekuwa akikuna nazi pembeni yake. Painem alikuwa mjane, jirani wa uzio mmoja, na alimwita Sulasih Yu kwa kuwa ni kama dada yake, amemzidi miaka mitatu.

"Kasmuri? Yule hata mdomo wangu ulipo ameshasahau."

Jiko zima likacheka. Baada ya mdomo, mgongo ukaanza kumwasha. Painem akaweka kifuu chini, akafuta mikono, akampandisha mwenzake blauzi ili amkune. Hakumkuna.

"Yu, usitikisike," alisema. "Hili ni bwawa la baba yangu."

Vipele vilikuwa vimejipanga kwa mistari, safu mbili mbili, kama matuta ya mabwawa ya kufugia kamba, na kila tuta lilikuwa na pengo dogo mahali pa mlango wa maji. Mto ulishuka juu ya uti wa mgongo. Wanawake walikuja na mikono yao ya unga na manjano, wakamgeuza Sulasih kuelekea dirishani penye mwanga, na kila mmoja akatafuta la kwao. Bu Wagirah alilikuta lake chini ya bega la kulia, na ile kona iliyopinda ambayo mumewe hakuwahi kuinyoosha. Yalikuwa mabwawa ya Sumberasin kama yalivyokuwa miaka ishirini na sita nyuma, kabla watu hawajaweka dole gumba kwenye karatasi ya Haji Dulmanan. Waliambiwa ni karatasi ya kupokea mbegu za kamba. Mbegu walizipokea kweli. Mwaka uliofuata wakaambiwa matuta yote ni ya Haji, na tangu hapo wakawa vibarua kwenye maji waliyoyachimba wenyewe. Kwenye mgongo wa Sulasih, Haji alikuwa na bwawa moja tu, dogo, karibu na kwapa la kushoto.

"Hilo ndilo lake," alisema Bu Wagirah. "Hata enzi zile lilikuwa linanuka."

Wali ukaungua kidogo upande mmoja. Ilipofika saa sita vipele vikafifia, na kazi ikaendelea.

Mantri Yatno, muuguzi wa zahanati, alimpa vidonge vya njano na kumwambia kuwa ni mzio wa kamba. Alisema mambo haya huwapata watu wazima, hata aliyekula kitu hicho tangu kunyonya. Asile kamba, asile uduvi, asile terasi.

"Sasa nile nini?" aliuliza Sulasih.

Mantri alifikiri. "Ni kweli," alisema. Kisha akamwomba ageuke kidogo, kwa sababu bwawa la marehemu mama yake lilikuwa upande wa nyonga, lakini lilikuwa limeshafutika. Akamsihi siku nyingine asichelewe kuja.

Sulasih aliacha kamba kwa siku nne. Siku ya tano watu wakaanza kubisha hodi. Walikuja wawili wawili, wameoga na kuvaa vizuri, wameshika kisahani kilichofunikwa jani la mgomba, na ndani yake kamba mmoja wa kuchoma.

"Nusu tu, Yu. Babu anataka kuona kabla macho hayajafunga kabisa."

"Kichwa chake tu, Yu, nyama tutakula sisi."

Kukataa chakula ulicholetewa mlangoni ni tusi ambalo wajukuu hukumbushwa. Sulasih alikula. Alikaa kwenye kigoda uani, mgongo wazi, uso ukutani, na nyuma yake watu walipanga foleni, wakaoneshana kwa vidole, wakabishana kuhusu tuta fulani, wakalia kidogo, wakapitishiana kahawa. Ulikuwa umati mzuri. Tangu afe mama yake, ua ule haukuwahi kujaa kiasi hicho. Lakini kila mara koo lilibana zaidi. Wiki ya tatu pumzi ilikuwa ikipita kwa mluzi, na mumewe Kasmuri, aliyekuwa mlinzi wa mabwawa ya Haji, alihamishia kitanda chake upande wa pili wa ukuta kwa sababu ya ule mluzi.

"Kula taratibu basi," alimwambia.

Kisha ikasikika kuwa afisa wa ardhi anakuja kutoka wilayani. Painem ndiye aliyeileta habari hiyo, amejaa furaha mpaka kilemba kimekaa upande.

"Jumatano, Yu! Anakuja na karatasi ya kunakilia. Safari hii inabidi mistari itoke sawasawa. Utakula watatu."

"Watatu wataniua, Nem."

"Mantri atakaa hapohapo na sindano. Tumeshamwambia. Bu Wagirah anapika mboga za lodeh, uhai wako tumeupangia kila kitu."

Sulasih alimtazama. Painem alikuwa akiishi na binti yake mkubwa na mchumba wa binti huyo kwenye chumba kimoja na jiko. Bwawa la baba yake lilikuwa kubwa kuliko yote, katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono wa Sulasih mwenyewe haufiki.

Jumatano alikula watatu. Afisa wa ardhi alipiga magoti nyuma yake, akatandaza karatasi nyembamba, akanakili kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri. Alikuwa mtu wa makini, mwenye mikono baridi. Alisema kazi ni safi, vipimo vinapishana kwa shubiri moja tu, na amewahi kuona ramani mbaya zaidi zenye muhuri. Lakini ofisi haipokei ngozi, kwa sababu mtu hunenepa. Ofisi inahitaji hati yenye dole gumba, na hati yenye madole gumba ipo, nayo iko kwa Haji.

Haji Dulmanan alikuwepo. Alikuja kwa heshima, amevaa sarungi mpya, akavaa miwani na kuutazama mgongo kwa muda mrefu.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Hapa, kwenye kona hii, nilifundishwa kuogelea na baba yake Painem." Akavua miwani. "Pole, Lasih. Unaumwa kwa ajili yetu sote."

Mantri akachoma sindano, na kina mama wakapakua lodeh. Haji alikula sahani mbili. Siku ya pili alimpelekea Sulasih kapu la samaki, mwatiko wanono, kwa kuwa amesikia kamba hawamfai.

Mwatiko walimtoa vipele tumboni: mdomo wa mto, na mikoko yake yote. Nazi ikaleta bonde la makaburi ya zamani. Wali ulipanda mapajani, mashamba ya kaskazini kabla barabara ya malori haijapita. Tempe, ile soya iliyochachushwa, ilitoa nchi ambayo hakuna mtu Sumberasin aliyeitambua. Yai moja la kuchemsha lilitoa kilima shingoni, na muuza mayai, mtu wa mbali, akashusha baiskeli yake na kusema kuwa pale, chini ya sikio, ndipo bibi yake alipokuwa akifuga bata. Akamuachia yai lingine. Sulasih alimrudishia.

Binti yake wa Surabaya alimwambia aende akapumzike mjini. Alikwenda kwa basi, saa nne njiani, akala bakuli la tambi za pakiti. Ulitoka msitu. Ulikuwa mkubwa mno, ukamzunguka kiuno mara mbili na kushuka mpaka visiginoni, na mkwe wake akakosa usingizi kwa sababu msitu ule ulikuwa na ndege. Siku ya tatu Sulasih alirudi.

Kijijini walikuwa wameshamzoea. Watu wenye mabwawa walishakariri mahali pa kila kitu. Baadhi waliichora ramani ukutani sebuleni, karibu na kalenda, na asubuhi walikwenda kuvua kwa Haji kama kawaida. Jikoni kwenye shughuli, chumvi sasa ilikuwa ikionjwa na mke wa mantri. Sulasih alisikia vicheko vikiruka ukuta. Hakuna aliyemfukuza, ila alikuwa hana cha kufanya huko zaidi ya kunusa, na hata mvuke ulikuwa umeanza kumwasha.

Kilichobaki kilikuwa muhogo. Muhogo wa uani kwake, kati ya jiko na uzio, pembeni ya kisima. Aliuchemsha asubuhi, akauchemsha jioni. Haukumfanya chochote. Kwa miezi miwili alikula muhogo na kunywa maji ya kisima, na Painem alikuja kila siku kumletea umbea ili asikae njaa ya vitu vyote kwa pamoja.

"Mke wa mantri anaonja kama anakunywa dawa," alimwambia. "Na Ngatmi amerudiana na yule bwege wa kuuza gesi. Umekula, Yu?"

"Nimekula."

"Haukuwashi?"

"Hauniwashi."

"Mshukuru marehemu baba yako kwa kukuachia ua mkubwa. Mimi kwangu hata banda la bata halienei. Harusi ya huyu mtoto sijui nitaweka wapi hayo mafiga."

Alhamisi iliyofuata, baada ya kula, Sulasih alihisi mwasho mdogo upande wa ndani wa mkono wa kushoto. Alikunja mkono wa gauni. Vipele vilikuwa vichache, vizuri, vya mstari mmoja. Aliona jiko lake. Aliona kisima, kiduara kisichozidi punje ya hindi. Uzio ulikuwa upande wa huku wa kisima, umekaribia ukuta wa jiko, na muhogo wote ulikuwa ng'ambo, kwa kina Painem.

Hakuhitaji mtu wa kumsomea. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake Painem alilazwa mjini wiki tatu, akarudi macho yamefifia, anapapasa njia. Katika wiki ya pili baba yake Sulasih aling'oa uzio na kuusimika upya, na yeye Sulasih ndiye aliyeshikilia nguzo zisimame wima wakati udongo unashindiliwa. Alizishikilia vizuri. Hazijapinda mpaka leo.

Alimeza kidonge cha njano, akashusha mkono wa gauni. Jioni alichimba muhogo mwingine, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kula.

Mwezi wa nane Painem aliomba ruhusa kwa staha zote, akisimama upande wake wa uzio: mafiga ya harusi hayaenei kwake, je, Yu ataridhia yawekwe uani hapa, karibu na kisima? Sulasih aliridhia. Wakafungua nguzo mbili za uzio ili watu wapite, na Jumatano asubuhi ua ukajaa. Wanawake ishirini na zaidi, visu, mabeseni, moshi, watoto wamekalia magunia ya nazi. Hakukuwa na nyumba iliyojaa kuliko hiyo Sumberasin nzima. Sulasih alipewa kigoda, mbali kidogo na mvuke, ili amenye vitunguu. Jua lilikuwa la utosi.

"Yu, kunja mikono hiyo ya gauni, utaiva," alisema Bu Wagirah.

"Nasikia baridi."

"Baridi! Huyu amegeuka mzungu kwa kula muhogo."

Wakacheka, na Sulasih akacheka nao, akivuta mkono wa gauni mpaka kwenye vidole. Painem alikuja ameloa jasho, amebeba ndoo ya maji ya kisima, akaitua akamshika bega.

"Asante kwa kutuazima nafasi, Yu. Sijui ningefanyaje."

Mkono wa kushoto ulikuwa ukimwasha sana. Sulasih aliubana kwenye goti.

"Kaeni tu mpaka Jumapili," alisema. "Jumatatu itabidi mzirudishe zile nguzo."