Mwenzake Fundi

Siku ya tatu baada ya dhoruba, bahari ilitulia kupita kiasi. Hapakuwa na hata wimbi la kulowesha kifundo cha mguu. Ukungu mweupe ulikuwa umelala juu ya maji, na mto uliofurika ulikuwa umemwaga matope yake mpaka kwenye mwamba wa matumbawe, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa.

"Tungoje hadi kesho, Mjomba," alisema binti mlangoni mwa kibanda cha vifaa, miwani ya kuzamia imemjaa mikononi. "Chuoni tulifundishwa..."

"Chuoni, chuoni!" Mjomba alicheka. Kibanda kilikuwa chake, boti yake, na ndiye aliyempachika mpwa wake jina la Diploma tangu siku aliyorudi na cheti. "Diploma, bahari haijasoma hicho kitabu chako. Wageni wamefungiwa vyumbani siku tatu wakitazamana na mijusi. Wapeleke mwambani nusu saa tu, uwarudishe. Kwani unaogopa nini?"

Diploma aliinama, akaanza kupanga mapezi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza watu peke yake, na alichoogopa kilikuwa kimoja tu: kurudi na mtu pungufu.

Wageni walikuwa watatu. Kulikuwa na wauguzi wawili, dada na mdogo wake, ambao tangu asubuhi walikuwa wakigombania mapezi ya bluu. Na mzee mmoja mpole, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye wanawe walimlazimisha aje kupumzika. Diploma aliwakagua mmoja mmoja: jaketi la kuelea limefungwa, miwani imekaza, mrija wa kupumulia umesimama.

"Leo maji hayaonyeshi," aliwaambia. "Kwa hiyo kila mtu na mwenzake. Nyinyi wawili pamoja. Mzee wangu, wewe na mimi. Mnashikana mikono. Nikiuliza 'Mwenzako?' unatoa mrija, unajibu 'Ninaye!' Na litokee litakalotokea, usiachie mkono wa mwenzako. Tumeelewana?"

"Huyu nitamshikaje, na kucha zenyewe kama za popo," alisema mdogo.

"Nishike hivyo hivyo," dada yake alimjibu. "Utotoni hata chooni ulikuwa huniachii."

Fundi alicheka, akamnyooshea Diploma mkono wake wa kulia kama anayempa binti yake.

Waliogelea kutoka ufukweni hadi kwenye boya lililofungwa mwambani. Juu, maji yalikuwa ya mto, baridi, yenye majani na vijiti. Diploma alizamisha uso, akaona viganja vyake tu. Sauti ilikuwa moja, ya pumzi yake mwenyewe ndani ya mrija. Siku nyingine mwamba ule hutafuna na kugugumia kama jiko lenye watu wengi. Leo hapakuwa na samaki hata mmoja, na kimya chake kilikuwa cha nyumba iliyohamwa.

"Mwenzako?"

"Ninaye!"

"Ninaye, kwa bahati mbaya!"

Wakasonga kidogo. Ghafla mdogo akaanza kutapatapa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya miwani yake. Diploma akamwachia Fundi mkono. "Elea hapa hapa, mzee wangu. Nakuja." Akamnyanyua yule mdogo, akayamwaga maji, akaikaza upya mikanda. Haikuchukua hata dakika mbili. Kisha akageuka, akanyoosha mkono.

Hakushika kitu. Ukungu ulikuwa umewafunika.

"Mwenzako?" aliita.

"Ninaye!" walijibu wale dada kwa pamoja.

Na kutoka mbali, upande wa mlango wa mwamba ambako maji yote hutoka kwenda bahari kuu, sauti ya Fundi ikajibu bila wasiwasi wowote: "Ninaye!"

Diploma aliutazama mkono wake mtupu.

"Si wewe ndiye mwenzake?" alinong'ona dada mkubwa.

"Shikeni kamba ya boya hili. Msiondoke mpaka nirudi."

Aliogelea kuifuata sauti, na mkondo ukamchukua kwa ulaini, kama unamsindikiza. Hakuona kitu juu, akazama. Chini ya matope maji yalikuwa safi ajabu, na ule uchafu ulitanda juu yake kama dari. Miguu ya Fundi ilining'inia kutoka darini. Mapezi hayakupiga. Hata hivyo alikuwa anakwenda, mkono wake wa kulia umetangulia, umenyooka, umetumbukia ndani ya wingu la matope hadi kiwiko. Kilichokuwa mbele ya kiwiko hakikuonekana.

Aliibuka karibu yake, akamkamata mkono wa kushoto. "Mzee wangu!"

Fundi aligeuka, akamtazama, kisha akatazama alikokuwa anavutwa. "Wewe uko huku?"

"Niko huku."

"Nilidhani ni wewe. Nikasema, huyu binti mkono wake baridi hivi, ataugua." Aligeuka tena mbele. "Basi huyu ni nani?"

"Achia, mzee wangu."

"Ulisema nisiachie."

Alisema kwa uaminifu wa mwanafunzi mzuri. Mngurumo wa mlango wa mwamba ulikuwa umeshasikika.

"Mimi ndiye niliyesema, na mimi sasa nasema achia!"

"Anaogopa, mwanangu. Ananishika kama mtu anayeogopa."

"Tutamrudia. Nakuahidi kwa jina la mama yangu. Achia!"

Fundi akafumbua vidole, kimoja kimoja. Wote wawili wakarudi nyuma kwa kishindo, kama kamba imekatika. Hawakushindana na mkondo. Walikata kando yake, ubavu kwa ubavu, mpaka maji yakalegea na boya likaonekana, na wale dada wamekumbatiana wakilia.

Ufukweni Mjomba alikuwa na kundi jingine, limeshavaa miwani. Alisikiliza, akajikuna shingo.

"Itakuwa kamba hiyo. Au wavu. Dhoruba imeleta takataka nyingi."

"Mjomba, leo haingii mtu," alisema Diploma, akachomeka bendera nyekundu mchangani kwa mikono yake miwili. Kisha akamsindikiza Fundi, na taulo lake begani, hadi kituo cha uokoaji.

Askari wa zamu alifungua daftari. "Hakuna aliyeripotiwa kupotea. Wa hapa kisiwani wote wapo."

"Nani amekuambia ni wa hapa?" aliuliza Diploma. "Dhoruba ilipita kote."

"Mlimwona?"

"Hatukumwona," alisema Fundi. "Lakini mikono ya watu nimeipima miaka arobaini, afande. Ni mkono wa kushoto. Wa mtu mzima, mwembamba. Kifundo inchi sita, labda na robo. Kiganja kigumu, cha mfanyakazi. Kidole cha mwisho kimepinda."

Kalamu ya askari ilisimama. "Hai, au maiti?"

Fundi alikunja na kukunjua vidole vya mkono wake wa kulia.

"Alikuwa anabana," alisema.

Askari akaiacha kalamu, akachukua redio.

Boti ya uokoaji ilipowashwa, Diploma alikuwa ameshaketi ndani. Fundi alikuja nyuma yake, akitembea taratibu gatini.

"Baki upumzike, mzee wangu. Ahadi ni yangu."

"Na mkono wake utaujua wewe?"

Diploma alisogea kwenye benchi, akampisha.