Shwari ya Mume Wangu

Mume wangu ana neno moja la simu: shwari. Ukimuuliza kazi, shwari. Ukimuuliza atarudi lini, "Mambo shwari, mke wangu, vuta subira." Nimeivuta hiyo subira mpaka inakaribia kukatika.

Mimi nashona maturubai ya malori. Tajiri wetu anafungua karakana mji mwingine na anataka nikaisimamie. Aliponiambia mara ya kwanza nilikataa, maana mume alisema nisihame, mambo yake shwari, yuko njiani. Hiyo njia sijui inapita wapi. Sasa tajiri amerudia, na jibu analitaka leo jioni, la sivyo anampa mwingine.

Mchana nilimpelekea baba mkwe uji chumbani kwake. Ujana wake wote alishona matanga ya majahazi na kusafiri nayo, na kidole gumba chake bado kigumu kama soli. Nikampa salamu za mwanawe: shwari.

Akacheka, cheko baya. "Hivi nyinyi mnajua maana yake?"

"Si mambo kwenda vizuri, baba?"

"Kwenda wapi! Shwari ni upepo kufa. Wenye boti za mashine ndio wanaoipenda. Sisi wa matanga ikitukuta katikati ya maji, tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Huzami, hufiki. Unakaa tu, unatazama pipa la maji ya kunywa likipungua."

Nikajisemea, pipa lenyewe ni mimi. Hasira ikanipanda.

"Baba, umelijua hilo miaka yote, unanisikia nikishangilia shwari. Mbona hukuniambia?"

Akapokea bakuli, akapuliza, akanywa, akajifuta mdomo.

"Ningekwambia ungeondoka, mwanangu. Nani angenipikia uji?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Simu ikaita. Mume.

"Vipi huko nyumbani?"

"Shwari," nikasema. "Shwari tupu."

Akafurahi kweli. Akasema ndiyo raha ya kuoa mwanamke mwelewa.

Nikamkabidhi baba mkwe simu, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Tajiri hufunga mapema.

"Ongea na mwanao, baba," nikamwambia. "Mwambie uji wa kesho ni zamu yake."