Wasimamizi wa Ng'ambo ya Ziwa

Mwanangu Malin, mimba yako imefika miezi minane nami sina amani. Keti usome haya yote, hata kama uji unaungua.

Kabla hujazaliwa nilikuwa yaya kwa Bibi Sigrid Lagerklo, yule wa jumba la mawe kando ya ziwa. Mashamba yake huyamalizi kwa siku moja hata ukiwa juu ya farasi. Lakini alikuwa amezika watoto wanne, wote chini ya sakafu ya kanisa, kila mmoja na ngao yake ya ukoo ukutani. Mumewe alikuwa vitani Ujerumani. Mtoto wa tano, wa kiume, alizaliwa Januari.

Siku ya tatu mchungaji alikuja mwenyewe.

"Bibi, tumbatize. Mwepesi huyu, kama kifaranga."

"Wasimamizi wa ubatizo wawe nani? Mpishi na mtunza farasi?" Bibi akacheka. "Binamu yangu mkuu wa jimbo anakuja na watu kumi na wawili. Tutamngoja."

Tukangoja. Moto haukuzimwa chumbani, na mkasi ulilazwa kitandani kwa mtoto, ili majitu ya msituni yasije yakamwiba na kuweka mtoto wao mahali pake kabla hajabatizwa. Jikoni walichinja, wakaoka, wakapika bia. Mara joto likaja ghafla, barafu ya ziwa ikalainika, magari ya kuteleza yanayokokotwa na farasi yakashindwa kuvuka. Wageni wakakwama ng'ambo.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, mtoto akaacha kunyonya. Midomo ikageuka buluu. Nikachota maji kwa kata.

"Bibi, kukiwa na hatari ya kufa Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza. Nitaje jina gani?"

"Weka chini hiyo kata! Mwanangu abatizwe kwa maji ya kuoshea masufuria, na mikono inayonuka vitunguu? Wageni wakifika niwaambie nini?"

"Bibi wangu, tazama midomo."

"Anasikia baridi tu. Kalete kuni."

Malin, nikaiweka kata chini. Niliogopa kufukuzwa, na nje theluji ilifika magotini. Nikaenda kuleta kuni.

Niliporudi nilimkuta amempakata, anammwagia maji kwa mkono wake, anataja majina yote ya ukoo, moja baada ya jingine. Maji yalimtiririka mtoto machoni, naye hapepesi.

"Alikuwa hai," Bibi akaniambia. "Umeona mwenyewe. Utamwambia mchungaji umeona."

Mchungaji aliniuliza mbele ya madhabahu: "Ingeborg, alikuwa anapumua?"

Nikasema, "Nilikuwa nimeenda kuleta kuni."

Wakamzika nje kama asiyebatizwa, upande wa kaskazini wa kanisa, bila kengele, bila ngao. Siku mbili baadaye baridi ilirudi, na mkuu wa jimbo akavuka na bakuli la fedha alilomletea mtoto. Vyakula vya ubatizo wakavila matangani. Bibi hakunifukuza. Aliishi miaka kumi na tisa zaidi, na moto wa chumba kile hakuruhusu uzimwe hata kiangazi, wala mkasi uondolewe kitandani. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka kuni.

Sasa nasikia mumeo anataka kumngoja mjomba wake afike kutoka Stockholm. Usimngoje. Weka kata ya maji karibu na kitanda, na jina liwe tayari mdomoni. Mimi nitaanza safari kesho, lakini njia ni mbaya. Usiningoje hata mimi.