Kilo Kumi na Moja

Kwa maelezo ya Emmy, jirani wa upande wa pili wa ua, kuna mwanamke wa Kiminini aliyechoshwa na betri yake ya sola mpaka akamwita mjomba wake aipasue. Ndani walikuta betri nyingine, ndogo, kama ya pikipiki, imezungushiwa matambara na karatasi za nailoni ili isitikisike.

"Sitaji mtu," Emmy alisema. "Lakini fundi alitoka Kitale, huko Kibomet, ana pengo hapa mbele, na hucheka hata kama hakuna kichekesho."

Nekesa aliendelea kuchambua kunde. Pengo na kicheko, huyo ni Mukhisa, mdogo wa mume wake. Lakini Emmy naye ndiye aliyeapa mwaka jana kwamba chifu ametorokea Uganda, kumbe chifu amelala kwake na malaria. Kwa hivyo Nekesa hakuamini, wala hakukataa. Aliyaweka tu maneno yale mahali atakapoyapata.

Hapo kwao, nje kidogo ya Bungoma, transfoma ililipuka mwezi wa tatu na haikurudishwa. Nyumba nyingi zilirudia koroboi. Wao hawangeweza, kwa sababu ya Mama. Mama mkwe ana sukari, hudungwa sindano asubuhi na jioni, na dawa ya miezi mitatu aliyopewa kliniki inataka baridi. Ndipo Noah, mume wa Nekesa, ambaye ni kibarua wa shamba la mbegu huko Kitale, akamwambia mdogo wake awawekee sola ya kuvuta friji ndogo.

Mukhisa alikuja na paneli mbili na betri. Pale kituoni maziwa yanapopimwa, aliitundika betri kwenye mizani ya Jepkorir, mpokea maziwa, ili watu waone.

"Kilo ishirini na tisa," Jepkorir alisoma. "Huyu ni ndama, bana."

"Na huyu ndama hanywi maji," Mukhisa alijibu, akicheka. "Imefungwa kabisa. Haifunguliwi, haiongezwi kitu, mpaka ife."

Miezi miwili friji ililia usiku kucha, na Mama akawa anamsifu kitinda mimba wake hata kwa wauza samaki. Kisha Mukhisa akaja akasema betri inataka servisi ya mashine. Akaenda nayo siku nne, akairudisha imefutwa vizuri, na karatasi ya jina imebandikwa palepale. Tangu hapo, Nekesa akiamka kukamua, anakuta friji imenyamaza na maji yametiririka chini yake.

Wiki ya pili nesi wa kliniki alipima sukari ya Mama, akauliza anakula nini. Mama aliapa hajagusa ndizi tamu. Nekesa ndiye humpikia, alijua anasema kweli. Aliporudi nyumbani alitoa ile chupa iliyofunguliwa, akaibiringisha viganjani kama alivyofundishwa, akaiinua dirishani. Vipande vyeupe vilikuwa vimeng'ang'ania kioo.

Hakumwambia mtu nyumbani. Alirudi kliniki kesho yake, akaonyesha zile chupa zote, nesi akazikataa akampa mbili mpya, akamwonya zisipate joto. Hizo mbili Nekesa alimwomba Jepkorir amwekee kwenye friji ya maziwa. Zile mbovu alibaki nazo.

Jumatatu, Mama akiwa kwenye maombi ya akina mama, alichomoa nyaya kama alivyomwona Mukhisa akifanya, akaiweka betri kwenye wilbaro na kuifunika gunia. Aliona jinsi ilivyoinuka kirahisi. Hata hivyo alitaka mizani iseme.

"Kumi na nane," Jepkorir alisema. Akaigonga mizani kwa kidole, akasoma tena. "Kumi na nane. Ndama wenu anahara?"

Nekesa hakucheka.

"Naogopa kumharibia mtu jina," alisema.

"Mimi hutumbukiza kipimo kwa maziwa yako kila asubuhi kuona kama umetia maji. Umewahi kununa?"

"Wewe si mulamwa wangu, si ndugu wa mume wangu. Na Mama akisikia, ni mimi nitafungasha, si yeye."

Jepkorir alimsaidia kushusha betri.

Jumamosi Mukhisa alikuja kuwasalimia, amebeba mkate na shali mpya ya Mama. Nekesa alimsubiri akae, akamwagia maji ya kunawa, akaongea polepole.

"Mulamwa, betri imepungua. Jepkorir ameipima, kumi na nane."

"Si maji hukauka, Nekesa. Betri ikifanya kazi maji hupungua."

"Ulisema hainywi maji."

Mukhisa alicheka. Kicheko kilikuwa kifupi kuliko kawaida.

"Ati siku hizi umekuwa fundi? Darasa la nane tu, na mizani ya maziwa?"

"Mwache mke wa kaka yako," Mama alisema kutoka kitini, akijifunika ile shali. "Nekesa, mtoto ametoka safari, unamhoji kama polisi. Lete chai. Na sindano yangu, saa imefika."

Nekesa alienda jikoni. Dawa nzuri aliyoichukua kwa Jepkorir mchana ilikuwa kwenye mtungi wa maji, imefungwa kwa mfuko. Aliiacha hapo. Alifungua friji, iliyokuwa na joto la kabati, akatoa ile chupa yenye vipande, akaiweka kwenye sahani pamoja na sindano mpya na pamba. Alirudi sebuleni na kuiweka sahani mbele ya Mukhisa, juu ya kitambaa cha meza.

"Mulamwa, leo mdunge wewe," alisema. "Dawa ni hii, imelala kwa friji yako tangu uirudishe betri."

Mama alifurahi. Alikunja mkono wa blauzi mpaka begani.

"Haya baba. Vipimo kumi na mbili. Nekesa atakuonyesha."

Nekesa alisimama karibu na mkono wa Mama, karibu kabisa, ili aizuie sindano kabla haijafika. Mukhisa aliichukua chupa. Aliiinua dirishani, akaibiringisha, akaiinua tena, macho kwenye vile vipande vyeupe. Mama alikuwa amefumba macho tayari.

"Mdunge, Mukhisa," Nekesa alisema.