Kiti cha Nchi Isiyokuwepo

Chuoni walimwita Pingamizi, na jina hilo hakulichukia. Alilipata katika mashindano ya kesi za kuigiza, ambako mwanafunzi anayenyamaza jaji anapouliza "Kuna pingamizi?" hukatwa alama palepale, hata kama hana la kupinga. Alikuwa amefunzwa kuinuka kwanza. Sababu ingemfuata njiani.

Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, na alihitaji kitu kimoja tu: barua ya kuthibitisha kwamba amewahi kushiriki kazi ya sheria ya kimataifa. Bila barua hiyo, mahakama ya kimataifa isingesoma hata jina lake katika maombi ya mafunzo. Kazi hawapewi wasio na uzoefu, na uzoefu hawaupati wasio na kazi. Basi taasisi moja ya mikataba ilipotangaza "fursa adimu kwa wanasheria chipukizi", aliomba, akachaguliwa.

Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, alimshonea suti ya kijivu na kuutangazia mtaa mzima kwamba binti anakwenda kusema na mataifa.

"Shangazi, nakwenda kujifunza tu."

"Kujifunza nini? Kubisha ulianza hujaota meno. Nenda kawafundishe."

Fursa adimu ilikuwa kukaa. Mkurugenzi wa taasisi, bwana wa maneno laini na viatu vinavyong'aa kuliko hoja zake, aliwagawa wanafunzi ukumbini. Palipo na nchi ambayo mjumbe wake amechelewa, amechoka au yuko madukani, mwanafunzi akae nyuma ya kibao chake, picha zisionyeshe mapengo.

"Mtavaa visikilizio na kutikisa vichwa kwa kiasi," aliwaambia. "Hamtasema. Mwishoni kila mtu na barua yake."

"Na mjumbe akirudi?" Pingamizi aliuliza.

"Unainuka taratibu, kama uliyekuwa unampashia kiti joto. Sheria ya kimataifa, binti yangu, nusu yake ni mahudhurio."

Mkataba uliojadiliwa ulihusu mto unaopita katika nchi nyingi. Kwa kukosa la kufanya, Pingamizi aliusoma wote, jambo ambalo wajumbe wengi walikuwa wameliepuka kwa ustadi. Alipofika kifungu cha saba, alirudi kukisoma tena. Nchi itakayomwaga taka mtoni itajichunguza yenyewe, na ikijikuta na hatia, itajionya. Kesi ya nyani imepelekwa kwa nyani mwenyewe, aliwaza. Hata ngedere hakualikwa.

Siku ya kupitisha, mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya usingizi, alivisoma vifungu kama anayehesabu nguo za dobi. Kila kimoja kilihitaji kauli moja ya wote.

"Cha sita. Kuna pingamizi? Hakuna. Kimepita." Nyundo ikagonga. "Cha saba. Kuna pingamizi?"

Miguu ya Pingamizi iliinuka kabla yake.

"Lipo, Mheshimiwa."

Wakalimani walinyamaza katika lugha zote. Kando ya nguzo, mkurugenzi aligeuka rangi ya chaki. Mwenyekiti alivaa miwani, akakitazama kibao.

"Nchi yako haijatamka neno tangu mazungumzo haya yaanze," alisema, sasa yuko macho kabisa. "Endelea."

Angeweza kuomba radhi na kukaa. Akilini aliiona barua yake ikipeperukia dirishani. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaeleza ubovu wa kifungu kwa sentensi chache zilizonyooka, na kabla hajamaliza, nchi mbili za chini ya mto ziliinua vibao kumuunga mkono. Kikao kikaahirishwa.

Mjumbe halisi alirejea akiwa na mifuko ya madukani mikononi, akashangaa kupongezwa koridoni. Alimkuta mkurugenzi pamoja na Pingamizi.

"Nani amesemea serikali yangu?"

"Mwanafunzi, Mheshimiwa. Tutayafuta maneno yake mara moja."

"Utayafuta? Na mimi utasema nilikuwa wapi?"

Mkurugenzi aliitazama mifuko. Mifuko haikuwa na utetezi.

"Huo ndio msimamo wa serikali yangu," mjumbe alisema, akijinyoosha. "Tangu zamani." Kisha akamgeukia Pingamizi, sauti chini: "Hebu niambie, mwanangu, msimamo wetu ni upi hasa?"

Akamweleza. Mchana ule mjumbe aliutetea msimamo huo kwa uchungu wa mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Kifungu kikaandikwa upya, na picha ya mjumbe ikatoka magazetini.

Baadaye mkurugenzi alimwita Pingamizi ofisini.

"Nikiandika ulichofanya, itabidi niandike ulikaa wapi. Ofisi hii itafungwa." Akasoma barua aliyoitayarisha: "'Alihudhuria vikao vyote kwa ukimya wa kupigiwa mfano.'" Akashika kalamu, akatabasamu. "Kuna pingamizi?"

Miguu ilitaka kuinuka. Pingamizi aliikumbuka mahakama ya kimataifa, akaibana miguu chini ya kiti mpaka kalamu ikamaliza kutia sahihi.

Nyumbani shangazi aliisoma barua mara mbili, pini zikiwa bado mdomoni. Akazitema.

"Ukimya? Wewe? Hawa wamekufananisha na mtu mwingine. Kesho rudi ukapinge."

Pingamizi aliichukua taratibu, akaitia ndani ya bahasha ya maombi.

"Haina kosa, shangazi," alisema, akalamba gundi.