Saa ya Mama Isiyofuata Mnara

Nimejilaza juu ya mswala baada ya kusali dhuha, sikio langu limeegemea saa kuukuu ya kutia ufunguo niliyoinunua mnadani kwa bei ya mafungu ya nyanya, na mlio wake unanichukua. Mlio unakuwa hatua, hatua zinakuwa njia, na njia ndiyo hii ninayoikanyaga sasa, nyeupe, haina mwisho, kila ikikata kona inarudi ilikotoka halafu inakwenda pengine. Kando zote mbili yametandazwa maturubai, na juu ya maturubai ni saa, saa tupu, za ujana wa baba zetu, namba zimefifia na mikanda imekakamaa. Moyo unanidunda kama wa mtoto siku ya Idi. Nainama hapa, nainuka pale. Hii kioo chake kimechubuka, si neno, dawa ya meno kidogo na kitambaa laini, kitang'aa. Hii uso wake umepakwa rangi upya, si wake wa asili tena, naiacha. Mfuko wangu ni mwepesi, kwa hiyo nanunua kwa sikio na kwa subira, na kila nikinunua namshukuru Mungu, lakini katika minada yote hasa natafuta saa moja tu, ya marehemu mama yangu, Mwanasiti, iliyouzwa pamoja na vyombo vyake kabla sijafika msibani.

Mbele yangu anatembea mtu asiye na uso. Pale penye macho na mdomo pamelainika kama kioo, najiona mwenyewe. Namwuliza, kaka, saa ya mama yangu iko huku? Anasema, iko pale ambapo kila mtu ameipata na hakuna aliyeitaka. Nasema sijakuelewa. Anasema, hata mimi sijajielewa, twende. Tunaingia mji wa vioo, kila nyumba inatazamana na nyingine iliyo sawa nayo, sijui ipi ni nyumba na ipi ni taswira. Jua linazama, na katikati ya mji kuna mnara wa saa, mshale mfupi umefika kwenye sita. Chini ya mnara ameketi mwuzaji, wanamwita Bi Mwanahamisi, ananiona kwa mbali. We baba, mbona unanusanusa kama paka sokoni, unanunua au unatembea tu? Nanunua, dada, kwa kilichopo. Kilichopo ndiyo nini? Namwonyesha. Anacheka mpaka mtandio unamwanguka. Hiyo si hela ya sukari hiyo? Mkeo anajua? Hajui, nasema. Basi kwa hela ya sukari ninayo moja, na nakwambia mapema ni mbovu, usije ukanirudishia. Wote wanairudisha. Kutembea inatembea, ila inadanganya.

Anaitoa chini ya khanga. Saa ndogo, mishale yote miwili imesimama juu, kwenye kumi na mbili. Naiweka sikioni. Inatembea safi, kama punje za mchele zikidondoka kwenye ungo. Jua linazama, na saa inasema kumi na mbili. Dada, nasema, hii haidanganyi. Sisi tunaona mshale kwenye sita tunasema saa kumi na mbili, wala hatujiulizi. Mama alijiuliza. Alisema, kwa nini nitazame kitu kimoja nitamke kingine? Akaigeuza mishale siku hiyo hiyo, ikaonyesha kile kinachotamkwa na kinywa, na majirani wakamcheka mpaka wakachoka. Ndiyo yenyewe, dada, ndiyo yenyewe. Bi Mwanahamisi ananitazama. Haya, mtu na mama yake, mimi simo. Lete hiyo sukari.

Asiye na uso ananyoosha mkono juu. Kila saa inayotoka hapa hulinganishwa na mnara. Igeuze, iseme sita, lango la mji litakufungukia. Nauliza, nikiigeuza itabaki ya nani? Anasema, itabaki saa. Kidole changu kiko juu ya ufunguo, na lango linazidi kuwa jembamba. Ukitoka nayo hivyo, anasema, hutajua umefika wakati gani. Mungu anajua, namjibu. Naifunga mkononi kama ilivyo, natamka Bismillahi, natanguliza bega langoni.

Naamka. Saa iko mkononi, mishale yote imesimama juu. Sijui ni ile niliyolala nayo au ni ya mama, zote ni ndogo, zote zina mkanda mweusi, na machozi hayaniachi nione vizuri. Kama ni ile, sasa ni adhuhuri. Kama ni ya mama, ni magharibi. Pazia limeshushwa na mwanga wake ni wa manjano, wa wakati wowote. Muadhini anaanza, na maneno ya adhana ni yale yale mchana na jioni. Nainuka nikitabasamu peke yangu, nakwenda kutawadha, na bado sijui nitanuia rakaa nne au tatu.