Kuchi wa Wake Wawili

Andongwisye wa kijiji cha Njisi alikuwa na wake wawili, na kabla ya kubatizwa ilimpasa abaki na mmoja. Ndivyo ilivyotaka misheni. Akabaki na Anyisile, mke mkubwa. Tusekile, mke mdogo, angerudi kwa kaka yake, huko Ngonga. Mambo ya ng'ombe wazee waliyamaliza. Yaliyobaki yalikuwa ya wanawake wenyewe: vyungu, majembe na kuku.

Kuku ndio waliosumbua. Andongwisye alipowabebea Wadachi mizigo hadi Lindi, alirudi na jogoo wa kuchi, mrefu, mkali. Jogoo yule alikufa kwa kideri, akaacha kundi moja tu la vifaranga. Mayai yalikuwa ya Anyisile, lakini koo aliyeyaatamia alikuwa wa Tusekile.

Walikaa barazani, tenga la vifaranga katikati yao.

"Huyu kuchi," alisema Anyisile. "Ona miguu ilivyo minene, na kichwa kipana. Na huyu mwingine, baba yake ni jogoo wetu wa hapa hapa."

Mbegu waliitambua upesi. Lakini nani tetea, nani jogoo?

"Tetea huota manyoya ya bawa mapema," alisema Tusekile.

"Kuchi huchelewa wote, mdogo wangu. Tazama, wako uchi."

Tusekile akapunga kitambaa ghafla juu ya tenga. Nyumbani kwao walisema kifaranga anayesimama wima ni jogoo, anayejikunyata ni tetea. Mmoja mweusi alisimama wima. Kitambaa kilipopungwa tena, huyo huyo akajikunyata. Wakacheka mpaka machozi.

"Tukigawana sasa, mmoja wetu atapunjika," alisema Anyisile. "Tungoje waonyeshe."

Wakangoja. Waliendelea kupalilia mpunga pamoja na kupika pamoja. Andongwisye akiuliza, Anyisile alijibu, "Bado, baba. Hawajaonyesha." Naye hakuwaharakisha. Mwalimu wa misheni alipopita kuuliza, alipewa jibu hilo hilo, akaondoka akitikisa kichwa.

Vifaranga walikua. Mmoja mmoja, mapora, yaani majogoo wachanga, walianza kuwa na upanga mwekundu kichwani, na kila upanga ulioiva ulimtia Anyisile hofu. Mwishowe akabaki yule mweusi.

"Huyu bado," Anyisile alisema kila asubuhi.

Siku moja Tusekile akamjibu, "Dada, huyu ni tetea. Unajua."

Anyisile alimshika kuku, akampapasa mgongo.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ulipoandama."

"Na mimi hivyo hivyo," alisema Tusekile. Akavuta pumzi. "Afadhali niondoke mwenyewe, dada. Nikizidi kungoja, nitakuja kuambiwa nenda."

Kulipokucha waligawana. Anyisile aliwatia matetea wote wa kuchi katika tenga la Tusekile, mapora wote akabaki nao yeye.

Andongwisye akashangaa. "Mmegawana vibaya. Hapa hakuna atakayetaga kuchi, na kule hakuna jogoo wa kuchi."

"Ndivyo tulivyotaka," alisema Anyisile.

Tusekile akamwambia, "Ndaga, baba," kama anayeshukuru kwa chakula, akajitwisha tenga. Anyisile alimsindikiza hadi Ngonga.

Andongwisye alibatizwa, akaitwa Andrea. Kila mpunga ulipokwisha kuvunwa, Anyisile alikwenda Ngonga na jogoo kwapani, akalala huko siku kadhaa. Mzee wa kanisa alimuuliza kwa nini anamfuata mwanamke aliyeachwa. "Napeleka jogoo kwa matetea," alisema, akaendelea na safari.

Baadaye Tusekile aliolewa na mvuvi mmoja mjane, akazaa binti. Anyisile alikuwapo, ndiye aliyemshika mgongo wakati wa uchungu. Aliporudi, alimkuta mumewe shambani, akamweleza.

Andrea aliegemea mpini wa jembe.

"Wazima wote?"

"Wazima."

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akaendelea kulima. Anyisile akachukua jembe lake, akaanza mstari wa pembeni yake.